Samaki wa Gesti ya Mzee Issa

Mwanangu Tekla,

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya gauni la kuvaa siku ya kuripoti mama yako ameshakueleza. Sitayarudia. Ameyasema vizuri kuliko ambavyo mimi ningeyasema, tena ameyasema huku akinitazama kwa jicho la kunizuia nisiongeze neno.

Nakuandikia kwa sababu jana mezani uliniuliza kitu, nami badala ya kukujibu nikainuka kwenda kutengeneza bawaba ya banda la kuku. Bawaba ile haikuwa na ubovu wowote. Uliniuliza, "Baba, hivi yule mama Skola wa gesti aliondokaje?" Mama yako akacheka, akasema ni habari ya samaki. Ni kweli, ni habari ya samaki. Ila wakati ule wewe ulikuwa chuoni, na kilichokufikia ni kile cha kuchekesha tu, kwamba baba alichemsha mawe kwenye sufuria ya ugali. Sasa kesho unakwenda Tunduru kuanza kazi ya ualimu, na sijui lini tutakaa tena meza moja. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Hapa nilipo nimeshainuka mara kadhaa, nimekwenda kukagua zipu ya begi lako, nimerudi. Moyo haunitulii. Utanivumilia kama mwandiko utapanda na kushuka.

Unakumbuka shirika lilivyotupunguza kazini. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa mashine ya kusaga pale ghalani. Mashine ni kitu chema. Ikikohoa unaizima, unaifungua, unaisafisha kifaa kimoja kimoja, unairudishia, inanguruma. Sikujua namna nyingine ya kushughulika na tatizo. Tulipopewa mkono wa kwaheri nikarudi nyumbani na mikono iliyozoea kufungua vitu, na hapa nyumbani hapakuwa na cha kufungua. Nyakati zenyewe ndizo zile za biashara huria, kila mtu Songea akiuza kitu. Nami nikauza. Nilianza na viatu vya mitumba, nikaviacha kabla watu hawajajua kuwa nauza viatu. Nikaingia kwenye soda, kisha kuku. Kila kimoja kilipopepesuka kidogo nilikibomoa na kuanza kingine. Hata wewe nilikuhamisha shule ukiwa kidato cha pili, kwa sababu ripoti moja ilikuja mbaya. Ulilia njia nzima. Nilidhani nakutafutia shule bora.

Basi, katika kuhangaika huko ndipo Mzee Issa aliponiita.

Unamjua Mzee Issa, yule mfanyabiashara wa Tunduru aliyejenga gesti ya ghorofa pale Majengo. Alikuwa ameona Dar es Salaam, kwenye hoteli moja, kasha kubwa la kioo lenye samaki wa rangi na majani yanayoota ndani ya maji. Akarudi akiwa na ndoto moja tu, mgeni akiingia mapokezi kwake, kabla hajauliza chumba, akutane na samaki. Ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa gesti nyingine yenye televisheni kubwa, na wageni walikuwa wameanza kuvuka.

"Fundi Kassian," akaniambia, "wao wana televisheni. Sisi tuwape kitu chenye uhai."

Nikafurahi kama mtoto. Nilichomelea fremu ya chuma, nikakata vioo, nikaviunga kwa gundi aliyoagiza Mzee. Pampu ndogo ya kupulizia hewa ilikuja kutoka Dar. Majani niliyang'oa mwenyewe mtoni, na ili yastawi nikaweka chini udongo mweusi uliochanganywa na samadi, juu yake mchanga, juu yake mawe. Kisha nikakumbuka mbolea ya chumvichumvi ambayo baba yako mdogo Damas huwa anaweka kwenye tumbaku kule Namtumbo, na gunia lake lilikuwa limebaki hapa nyumbani. Nikatia kiganja kizima. Nilijiona mjanja. Samaki wakaja na lori kutoka Mbamba Bay, wale wadogo wa rangi wanaokaa kwenye miamba ya ziwa, ndani ya ndoo zenye mifuniko iliyotobolewa. Mzee Issa aliwaita majirani. Samaki wengine waling'aa buluu, wengine njano. Hata watu wa ng'ambo ya barabara walikuja kuchungulia.

Aliyekuwa akitunza mapokezi na usafi wa gesti ndiye mama Skola. Mjane aliyetoka Lusewa, wa rika la mama yako, mwenye kicheko ambacho ungekisikia kabla hujafika mlangoni. Alilipenda lile kasha kuliko sisi sote. Kila mgeni alimwonyesha samaki mmoja mwenye mistari, akimwambia, "Huyu ni wangu, usimzoee."

Siku chache hazikupita, samaki wakaanza kupanda juu. Wote walielekeza midomo kwenye uso wa maji, wakitweta kama mtu aliyekimbia mlima, mashavu yao yamekuwa mekundu. Asubuhi tunakuta wawili wamelala ubavu. Kesho yake zaidi. Yule mwenye mistari aliondoka na kundi la kwanza.

Nikafanya nilichokijua. Nikafungua mashine. Nilimwaga maji yote, nikatupa udongo wote, nikachemsha mawe hapa jikoni, ndipo mama yako alipopata hadithi yake, nikasugua vioo mpaka vikalia. Nikajaza maji mapya ya bomba, maangavu kabisa. Nikamwagiza Mzee alete samaki wengine. Nikamwambia mama Skola, "Kila asubuhi toa mawe, yasugue kwa brashi, na maji yote ubadilishe. Usafi ndio dawa."

Akasugua. Kila asubuhi, Tekla, kabla hajafagia hata sebule, yule mama alikuwa amechuchumaa uani na brashi na yale mawe. Samaki wapya wakafa vilevile.

Nilishuku umeme, maana ulikuwa unakatika na pampu inanyamaza. Nilishuku baridi ya Songea, nikafunika kasha kwa blanketi. Nilishuku mikate waliyotupiwa na wageni. Kila siku nilibadilisha kitu, na siku nyingine vitu viwili vitatu kwa pamoja, kiasi kwamba hata kama kimoja kingefaa nisingejua ni kipi. Nilikuwa nakwenda gesti alfajiri, narudi, sijamaliza uji nakwenda tena. Mama yako akawa anaufunika kwa sahani.

Ndipo siku moja Mzee Issa akanivuta kwenye chumba chake cha kuhesabia fedha, akafunga mlango.

"Fundi, hapa kuna mkono wa mtu."

"Mkono gani, Mzee?"

"Wale wa ng'ambo. Wamemnunua mtu wa ndani. Na anayeingiza mkono kwenye maji yale kila siku ni nani?"

Nikamwambia, "Mzee, mama Skola anafanya nilichomwagiza mimi. Kama kuna kosa la kusugua, ni langu." Nilisema hivyo waziwazi, kwa sauti. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Wallahi, sijui. Wewe mwangalie tu."

Na hapa ndipo jibu lako lilipo. Kwa mdomo nilimtetea. Lakini neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Nilikuwa nimechoka kutojua, mwanangu. Nilitaka kiwepo kitu, hata kiwe kibaya, ili mradi nikione. Kesho yake nikafika mapema, nikakaa kwenye kochi la wageni kama nasoma gazeti. Mama Skola akatia mkono ndani ya maji, nami nikatazama vidole vyake. Akachota ndoo, nikatazama ndani ya ndoo. Akaenda stoo kuchukua brashi, nikainuka nikamfuata hadi mlangoni, nikajifanya natafuta koleo.

Siku ya pili akageuka.

"Fundi, mawe ulisema nisugue, nikasugua. Maji ulisema nimwage, nikamwaga. Sasa mikono yangu unaitazamia nini?"

"Siitazami, mama."

"Unaitazama. Tangu jana."

Nadhani ningesema neno lolote la kweli wakati ule angebaki. Nilikohoa. Akaiweka ndoo chini polepole, hata maji hayakuruka. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akampelekea Mzee Issa funguo, akatoka. Hakupita uani wanakopita wafanyakazi. Alipita mlango wa mbele, katikati ya wageni, kichwa juu.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba baba yako mdogo Damas ameanguka kutoka kwenye paa la bani lake la kukaushia tumbaku, mguu umevunjika. Nikaenda Namtumbo. Kwa kweli nilifurahi kupata sababu ya kukimbia gesti. Nilimkuta amelala, mguu kwenye plasta, majani ya tumbaku yananing'inia banini na vibarua wanaendelea bila haraka. Mimi nikaanza. Nikaona moto wa bani ni mdogo, nikaongeza kuni. Nikaona majani yamepangwa ovyo, nikaanza kuyashusha niyapange upya. Damas akasikia, akaita kutoka kitandani.

"Kaka! Unafanya nini huko?"

"Nakusaidia."

"Njoo ukae hapa."

"Yale majani yamebanana, Damas, yataoza."

"Yamebanana kwa sababu ndivyo yanavyotakiwa siku hizi za kwanza. Moto ukizidi sasa yanakaukia kijani, na mwaka wangu umekwenda. Kaka, nakuomba. Kaa. Huna cha kufanya hapa isipokuwa kunitazama nikiugua."

Nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Siku za kwanza miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe chini ya kiti. Damas alikuwa akinisimulia mambo ya marehemu baba, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa kuwa siku zote nilikuwa njiani kwenda kurekebisha kitu. Nilikaa mpaka tumbaku ikaiva rangi yake ya dhahabu bila mkono wangu.

Niliporudi Songea, mama yako alinipokea mlangoni akaniambia, "Samaki wa Mzee wamekwisha wote. Ila wa kwako wazima."

"Wa kwangu wapi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Lori la pili lilipokuja, palikuwa na samaki wadogowadogo ambao Mzee hakuwataka, akasema hawana sura. Nikawamwaga kwenye lile pipa lililokatwa nyuma ya choo, la maji ya bata, lenye utelezi wa kijani kuta zote, tope chini na magugu yaliyoota yenyewe. Hakuna aliyewapa chakula, hakuna aliyebadilisha maji isipokuwa mvua. Nikaenda kuchungulia. Walikuwa wamenenepa, Tekla. Wanafukuzana kati ya magugu, rangi imewakolea, buluu kama wino. Nilisimama pale mpaka bata wakaanza kunipigia kelele.

Nikaenda kumtafuta bwana samaki wa wilaya. Kwa nini sikwenda mwanzoni? Kwa sababu fundi hapendi kuuliza. Alikuwa kijana mpole, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza taratibu. Samaki anajisaidia humohumo anamopumua. Ziwani au kwenye pipa la siku nyingi kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokaa kwenye mawe, kwenye tope na kwenye majani, navyo ndivyo vinavyokula sumu ya ule uchafu, na mimea inamalizia. Chombo kipya hakinavyo. Vinahitaji majuma kadhaa kuzaliana, na wakati huo samaki wawe wachache mno.

"Kwa hiyo tulipokuwa tukisugua mawe..."

"Mlikuwa mnavifuta vikianza tu, mzee wangu. Na maji ya bomba yana dawa, ukiyamimina yote mapya bila kuyalaza kwenye ndoo, dawa hiyo inaunguza mashavu ya samaki na inaua vile vijidudu pia."

"Na mbolea niliyotia?"

Akasita, nadhani alikuwa ananihurumia. "Ile ndiyo sumu yenyewe, mzee. Mliiongeza kwa kiganja."

Basi hapakuwa na mkono wa mtu. Kama ulikuwepo ni wangu, nao haukuwa na ubaya, ulikuwa hautulii tu.

Nilimweleza Mzee Issa. Akavua kofia, akasema, "Astaghfirullah." Tukaanza upya. Nilichukua maji ya pipa la bata, mawe yake yenye utelezi, magugu yake na tope kidogo, nikavitia kwenye kasha la kioo kama vilivyo. Tukaweka samaki wawili tu, wale wasio na sura. Baada ya siku chache maji yakageuka meupe kama ya kuoshea mchele. Mzee akaniita, "Fundi, wageni wanacheka. Mwaga." Mikono iliniwasha hadi kwenye viwiko. Nilirudi nyumbani nikampa mama yako ndoo yangu, nikamwambia aifiche. Akaloweka mahindi ndani yake, na nilipoiomba usiku akasema ina kazi. Samaki mmoja alikufa. Hata hapo sikugusa kitu, nilimtoa tu. Nikawa nakwenda, nakaa kwenye kochi, natazama, narudi. Siku moja nikaingia nikaona ukuta wa upande wa pili kupitia kwenye maji. Yalikuwa yametakata yenyewe. Yule aliyebaki alikuwa anachokonoa jani kana kwamba hajawahi kuwa na shida maishani.

Tukaongeza wengine polepole. Ndio hao uliowaona.

Lakini uliniuliza habari ya mama Skola, si ya samaki. Siku maji yalipotakata, mimi na Mzee Issa tulikwenda nyumbani kwake, mtaa wa Lizaboni. Alikuwa ameanza kuuza dagaa wa Nyasa sokoni, tukamkuta anawaanika uani. Akatupa viti. Mzee alieleza yote, akasema, "Mama Skola, nilikudhania vibaya. Nisamehe kwa ajili ya Mungu. Kazi yako ipo, njoo kesho."

Akaendelea kutandaza dagaa kwenye turubai. Kisha akasema, "Mzee, nimekusamehe. Wewe ulinishuku, leo umesema mwenyewe, nimejua nimesimama wapi. Huyu fundi alinitetea kwa mdomo, akanishuku kwa macho. Yeye ataningoja kidogo."

Hakurudi gesti. Alisema dagaa hawamtazami mikono. Mzee alicheka kwa aibu, mimi sikuweza kucheka. Namwona karibu kila Jumapili kanisani, na tunasalimiana. Mwaka jana, mama yako alipolazwa, alikuja na uji, akakaa naye hadi jioni. Nilipoingia wodini akaniambia, "Karibu kiti, fundi," akanisogezea. Ni hivyo tu. Kile kicheko chake sijakisikia tena nikiwa mimi nipo, na sijui kama nitakisikia. Nimejifunza kutolazimisha.

Sasa wewe unakwenda mahali usipojua mtu, isipokuwa huyo dada yake Mzee Issa anayeishi huko, ambaye Mzee amekupa salamu umpelekee. Wenyeji watakuwa Waislamu, wewe Mkatoliki wa Kingoni uliyetoka mjini. Watoto watakutazama tu bila kujibu maswali. Walimu wenzako watazungumza Kiyao chumbani na kunyamaza ukiingia. Itakujia hamu ya kubadilisha kila kitu, au kutafuta nani anakuharibia, au kuomba uhamisho. Una damu yangu, nimeiona. Wala sikuambii uvumilie kila kitu, kuna maji ambayo ni sumu kweli, na mtu mwenye akili anatoka. Ninachokuambia ni kwamba mimi sikuwahi kuyapa maji muda wa kutosha ili nijue ni yapi. Na mtu aliye karibu nawe asije akawa ndiye jibu kwa sababu tu umechoka kukosa jibu.

Jambo moja la kukuomba. Usiniandikie wiki ya kwanza kwamba kumekushinda. Ukiniandikia nitakuja. Nitadandia lori lolote, hata la mbao, na nitakufungia virago kabla sijavuta pumzi, kisha nitakurudisha hapa kama nilivyokutoa ile shule. Sijajiamini bado. Ngoja mwezi uishe, uwajue watoto kwa majina, ndipo uandike. Ukiniambia wakati huo kwamba kumeharibika, nitakuamini bila kukuuliza mara mbili.

Mama yako ameamua kwamba kesho tuagane hapa mlangoni, yeye ndiye akusindikize stendi. Anasema mimi nitagombana na utingo kuhusu namna ya kufunga mizigo, nitazunguka basi nikipiga matairi teke, na nitakutia aibu mbele ya abiria. Amesema kweli. Nimekubali. Nimemwahidi kwamba nitabaki hapa, nikae kwenye kiti, ninywe chai.

Lakini ukichungulia dirishani basi likiwashwa, ukaona mtu amesimama mbali kidogo nyuma ya vibanda, mikono mfukoni, hagusi kitu chochote, usimwambie mama yako.

Mungu akutangulie, mwanangu.

Baba yako,
Kassian